Riwaya za kukufungulia siasa za Uturuki: uanze na ipi, uisome vipi

Msomaji mmoja wa Tanga ameuliza hivi: "Naangalia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili na nafuatilia habari za Erdoğan, lakini kila nikidhani nimeelewa napotea tena. Nchi ya Waislamu iliyozuia hijabu vyuoni. Jeshi lililomnyonga waziri mkuu. Watu wanaogombana juu ya Atatürk hadi leo. Nimeshauriwa nisome riwaya. Kiingereza nasoma, Kituruki sijui. Nina kama miezi sita. Nianze wapi?"

Jibu fupi kwanza. Soma riwaya tano au sita, na kwenye karatasi ya mwanzo ya kila moja andika kwa penseli miaka miwili: mwaka hadithi inapotokea na mwaka riwaya ilipoandikwa. Mwandishi wa Kituruki akitaka kuisema serikali ya leo, mara nyingi huisema ya jana. Wengi wao walionja jela, na jela hufundisha kuzunguka. Ukiushika mwaka mmoja tu kati ya hiyo miwili, utaisoma riwaya nusu.

Wewe umeingilia mlango wa tamthilia, basi tuujaribu ufunguo huu hapo hapo. Tamthilia ya Ertuğrul ilionyeshwa na televisheni ya taifa, TRT, kuanzia 2014 hadi 2019. Inasimulia ukoo wa wafugaji wa karne ya 13 uliozungukwa na Wamongoli, wapiganaji wa Msalaba na wasaliti wa ndani. Lakini mwaka 1967 Kemal Tahir alikwishaandika riwaya juu ya watu hao hao na mji huo huo wa Söğüt, Ertuğrul mzee na mwanawe Osman, akaiita Devlet Ana, yaani Mama Dola. Kemal Tahir alikuwa mjamaa, na alikaa gerezani tangu 1938 hadi msamaha wa 1950. Alichokuwa akikitafuta Söğüt ni ushahidi kwamba Waturuki hawakupitia ukabaila wa Ulaya, kwamba dola yao ilianza kama mlinzi wa wanyonge, na kwa hiyo ujamaa wao usinakiliwe kutoka kwa wengine. Tamthilia ya 2014 inachimba udongo uleule ikitafuta kitu kingine: taifa lililozingirwa, na kiongozi asiyeyumba. Karne ya 13 yenyewe haina habari na lolote kati ya hayo.

Kitabu chako cha kwanza kiwe İnce Memed cha Yaşar Kemal, kilichotoka 1955. Kwa Kiingereza kinaitwa Memed, My Hawk. Naanza nacho kwa sababu kinasomeka kama ngano na hakihitaji ujue chochote kabla. Kijana Memed anakulia katika vijiji vitano vilivyo chini ya kabaila mmoja, Abdi Ağa, anayechukua theluthi mbili za mavuno ya kila mkulima. Memed anatoroka, anarudi, anampiga risasi mtu, anakimbilia milimani. Njiani utasoma habari za mbigili kuliko ulivyotarajia: uwanda mzima umejaa miiba, mkulima analima kwa ng'ombe huku miguu inachuruzika damu. Usiziruke kurasa hizo. Zina kazi mwisho wa kitabu, na ndizo zinazoeleza kwa nini watu wanamwogopa Ağa kuliko wanavyoiogopa serikali. Serikali haikanyagi mbigili.

Hadithi inatokea katika miaka ya mwanzo ya Jamhuri iliyotangazwa tarehe 29 Oktoba 1923. Sasa tazama serikali hiyo mpya iko wapi ndani ya riwaya. Ipo mjini, kwa sura ya polisi, makarani na watu kama Ali Safa Bey, aliyesomea sheria bila kumaliza, anayenyakua mashamba kwa hati upande mmoja na kwa magenge ya majambazi upande wa pili. Jamhuri imebadili kofia, kalenda na herufi, lakini haijamgusa Ağa. Hilo ndilo Yaşar Kemal alilokuwa akiwaambia wasomaji wa 1955. Yeye mwenyewe alitoka familia ya Kikurdi iliyohamia uwanda wa Çukurova, na kabla ya umaarufu alikuwa akiwaandikia barua za maombi watu wasiojua kuandika. Ndiyo maana ofisi za riwaya yake zina harufu ya ofisi kweli.

Kuna riwaya nyingine ambayo huenda usiipate kwa urahisi, lakini lazima uijue kwa sababu Waturuki huirejelea mpaka leo. Ni Yaban, yaani Mgeni, ya Yakup Kadri Karaosmanoğlu, ya mwaka 1932. Ofisa aliyepoteza mkono vitani anakwenda kuishi kijijini Anatolia, upande wa Asia wa Uturuki, wakati wa vita vya uhuru, akidhani anakwenda kwa ndugu zake. Siku moja anamuuliza mwanakijiji inakuwaje Mturuki asiwe upande wa Kemal Pasha, yaani Atatürk, mwasisi wa Jamhuri. Yule anamjibu kwamba wao si Waturuki. Ni nini basi? Ni Waislamu, alhamdulillahi. Hao Waturuki anaowasema wanaishi Haymana. Haymana ni wilaya tu, si mbali na hapo. Kwa mwanakijiji, "Mturuki" ni jina la watu fulani wa kule ng'ambo.

Mazungumzo hayo machache yana uzito wa sura nzima ya kitabu cha historia. Chini ya Waosmani, watawala wa kabla ya Jamhuri, mtu alihesabiwa kwa dini yake, na neno millet, ambalo leo linamaanisha taifa, lilimaanisha jumuiya ya kidini. Mapatano ya Januari 1923 kati ya Uturuki na Ugiriki yaliwabadilisha watu kwa kipimo hicho hicho: Wakristo wa Orthodoksi wapatao milioni 1.2 walikwenda Ugiriki, Waislamu wapatao 400,000 wakaja Uturuki. Miongoni mwa waliopelekwa Ugiriki walikuwamo watu ambao lugha yao pekee ilikuwa Kituruki. Kwa hiyo ukisikia mwanasiasa wa leo akisema "taifa letu", jiulize anatumia maana ipi kati ya zile mbili. Wengi hutumia zote mbili kwa pumzi moja.

Angalia pia nani anamsimulia nani. Yaban imeandikwa na msomi aliyekuwa karibu na watawala wapya, na msimulizi wake anawachukia wanakijiji kiasi cha kutia kichefuchefu, ingawa anakiri kwamba ujinga wao ni deni la wasomi. Riwaya ya Kituruki kwa muda mrefu ilikuwa hivyo: ofisa, mwalimu au daktari akimtazama mtu wa chini. Memed wa 1955 ni hatua ya kutoka hapo.

Kitabu cha pili ndicho kigumu kuliko vyote, lakini msomaji wa Kiswahili anacho kitu cha kumsaidia ambacho Mwingereza hana. Ni Saatleri Ayarlama Enstitüsü, Taasisi ya Kurekebisha Saa, ya Ahmet Hamdi Tanpınar. Ilitoka gazetini kwa mfululizo mwaka 1954, ikawa kitabu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Iulize dukani kwa jina la The Time Regulation Institute.

Mpaka mwisho wa 1925 watu wa Istanbul walihesabu saa kuanzia magharibi. Jua likizama ni saa kumi na mbili. Muda wa saa moja ukipita, ni saa moja ya usiku. Siku mpya nayo iliingia na magharibi, kama wazee wa pwani wanaposema usiku wa Ijumaa wakimaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa. Msomaji wa Ulaya huhitaji maelezo marefu hapa, wewe umezaliwa ndani yake. Tofauti iko kwenye jua. Sisi tuko karibu na ikweta, machweo hayasogei sana, saa ya ukutani haiguswi mwaka mzima. Istanbul iko nyuzi 41 kaskazini: mchana wa Desemba una saa tisa na dakika kadhaa, wa Juni una saa kumi na tano. Machweo yanahama kila siku, na saa nayo lazima ihamishwe. Ndiyo maana misikiti mikubwa ilikuwa na chumba cha muvakkit, mtu wa kupima nyakati, na bila shaka umeshalisikia neno letu "wakati" ndani ya jina lake. Sheria ya Desemba 1925 ikalifuta hilo lote, na kuanzia tarehe 1 Januari 1926 nchi ikatumia saa na kalenda ya Ulaya.

Msimulizi wa Tanpınar, Hayri İrdal, alijifunza saa utotoni kwa muvakkit mzee, Nuri Efendi, aliyeziuguza kama wagonjwa. Akiwa mtu mzima, fukara na amechakaa, anakutana na Halit Ayarcı, bwana wa mipango, ambaye jina lake la ukoo lenyewe lina maana ya mrekebishaji. Wawili hao wanaunda taasisi ya serikali ya kuhakikisha saa zote za nchi zinakubaliana. Taasisi inaajiri jamaa na marafiki, inatoza faini kwa saa iliyochelewa, na inatoa punguzo kwa mkosaji wa mara kwa mara. Kisha inahitaji historia. İrdal anaandika kitabu kuhusu Şeyh Ahmet Zamani, bingwa wa saa wa karne ya 17 ambaye hakuwahi kuwepo, na kitabu kinasifiwa na wataalamu.

Hapo ndipo wasomaji wengi hukosea. Wanaisoma kama kejeli dhidi ya usasa na kumfanya Tanpınar mtetezi wa mambo ya kale. Lakini rudi kwenye sehemu ya utoto wa İrdal uone ule ulimwengu wa zamani: wazee wanaotafuta hazina ya mfalme wa Kirumi, mizimu, madeni ya kimyakimya. Hakuna cha kutamani humo. Tanpınar, aliyewahi kuwa mbunge miaka ya 1940, anachosema ni kigumu zaidi: watu walioamriwa kubadili saa kwa sheria ya siku moja hawawi watu wapya wala hawabaki wale wa zamani; wanajifunza kuigiza. Soma kurasa 40 kwa siku, usizidishe. Ukikwama kwenye theluthi ya kwanza, ni kawaida, kwa maana Halit Ayarcı amechelewa kuingia. Vumilia mpaka afike.

Katika kusoma, fuatilia vitu vidogo kuliko hotuba. Chukua kofia. Tarabushi ilipigwa marufuku na sheria ya Novemba 1925, na watu waliadhibiwa kwa kuipinga sheria hiyo. Lakini tarabushi hiyo hiyo iliingizwa na Sultani Mahmud II mwaka 1829 ili kuondoa kilemba, na watu wa dini wakanung'unika. Miaka mia moja haikuisha, vazi la usasa likawa vazi la ukale. Chukua adhana: kuanzia 1932 ilitolewa kwa Kituruki, "Tanrı uludur" mahali pa "Allahu akbar", mpaka bunge lilipoiruhusu tena kwa Kiarabu mwezi Juni 1950, wiki chache baada ya chama cha Adnan Menderes kushinda uchaguzi. Menderes ndiye waziri mkuu uliyemsikia. Jeshi lilimpindua tarehe 27 Mei 1960, akanyongwa Septemba 1961. Kwa mama wa kijijini aliyesubiri adhana ile miaka kumi na minane, huyo hakuwa mwanasiasa tu, na Erdoğan analijua hilo vizuri.

Chukua pia vyeo vya heshima. Neno letu "afande" limetoka kwa Waturuki kupitia askari wa Misri na Sudan: ni efendi. Kwa Waosmani efendi alikuwa mtu aliyesoma. Mwaka 1934, mwaka ule ule wa sheria ya majina ya ukoo, vyeo vya efendi, bey na pasha vilifutwa rasmi. Bey ikaendelea mdomoni kama heshima. Efendi ikaporomoka hadi kwa mabawabu na wahudumu. Sasa ukifungua Kürk Mantolu Madonna ya Sabahattin Ali, ya mwaka 1943, ukakuta karani wa Ankara anaitwa Raif Efendi na kila mtu ofisini, umeshaambiwa amewekwa wapi kabla hajafungua kinywa. Wengi nje ya Uturuki huisoma riwaya hiyo kama mapenzi ya Berlin. Ni mapenzi kweli, lakini robo yake ya kwanza ni picha ya ofisi ya Jamhuri na familia inayomla mtu mmoja mshahara wake. Mwandishi aliuawa 1948 karibu na mpaka wa Bulgaria akijaribu kuihama nchi.

Na herufi. Sheria ya tarehe 1 Novemba 1928 iliondoa herufi za Kiarabu. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulikuwa ukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwelekeo wetu nao ulikuwa herufi za Kilatini. Tofauti ni kwamba Uturuki iliendelea hadi kwenye msamiati: chama cha lugha kilichoanzishwa 1932 kilifukuza maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuunda mapya. Kwa hiyo mwandishi wa Kituruki akichagua neno, anachagua upande. Tafsiri ya Kiingereza haiwezi kukuonyesha hili. Tanpınar anaandika kwa lugha iliyojaa maneno ya kale. Ukiona mfasiri ametumia Kiingereza kizito kidogo, ndiyo sababu.

Vitabu viwili vya mwezi wa nne ni vyembamba, na nitavipitia haraka. Şafak ya Sevgi Soysal, 1975, kwa Kiingereza Dawn, ni usiku mmoja mjini Adana chini ya sheria ya kijeshi iliyofuata tamko la majenerali la tarehe 12 Machi 1971. Watu wanakula chakula cha jioni nyumbani kwa mfanyakazi, polisi wanavamia, mahojiano, alfajiri. Soysal mwenyewe alifungwa na kuhamishiwa Adana kwa amri ya serikali. Hana huruma hata kwa wenzake wa mrengo wa kushoto: anaonyesha jinsi mwanamke msomi anavyowaza kuhusu nguo yake na sigara yake mbele ya wanawake wa nyumba ile. Kingine ni Berci Kristin Çöp Masalları ya Latife Tekin, 1984, ambayo kwa Kiingereza imeitwa Berji Kristin: Tales from the Garbage Hills. Ni mtaa wa mabanda juu ya jalala la Istanbul. Gecekondu ni "iliyowekwa usiku", kwa kuwa kibanda kilijengwa usiku ili kukicha kiwe kimeezekwa. Mchana wabomoaji wanakuja. Upepo unaondoka na mapaa pamoja na vitanda vya watoto vilivyoning'inizwa. Hakuna mhusika mkuu, mtaa ndio unaosimulia kwa uvumi na nyimbo. Mtu aliyeishi uswahilini ataisoma kwa urahisi kuliko profesa. Watoto wa mabanda haya ndio waliokuja kupiga kura miaka ya 1990.

Mwezi wa tano soma Sessiz Ev ya Orhan Pamuk, Nyumba ya Kimya, ambayo Kiingereza chake ni Silent House. Andika penseli yako: hadithi, Julai 1980, kitabu, 1983. Kati ya miaka hiyo miwili kuna tarehe 12 Septemba 1980, siku jeshi lilipochukua nchi. Wahusika hawajui linalokuja. Mwandishi na msomaji wake wa kwanza wanajua. Wasimulizi ni watano: bibi Fatma, mtumishi Recep, wajukuu wawili Faruk na Metin, na Hasan, kijana maskini aliyejiunga na wazalendo wenye siasa kali. Mjukuu wa tatu, Nilgün, msichana wa mrengo wa kushoto, hasimulii kitu. Kila mtu anamwona, yeye haonyeshi alichokiona. Mimi nasoma kimya hicho kama sehemu ya maana ya kitabu kilichotoka wakati vijana wa upande wake walikuwa gerezani.

Ukaribie ukurasa Nilgün anaponunua gazeti. Ni Cumhuriyet. Hasan anamwona nalo, na kwake hilo latosha kumjua ni nani. Msomaji wa nje hupita hapo bila kusimama. Miaka ya mwisho ya 1970 gazeti lililokunjwa kwapani lilikuwa kitambulisho, na masharubu pia: yaliyoteremka pembeni mwa mdomo yalikuwa ya wazalendo, mazito yaliyofunika mdomo wa juu ya watu wa kushoto, yaliyopunguzwa vizuri ya watu wa dini. Mwandishi wa Kituruki akieleza sharubu, hapambi.

Kar, yaani Theluji, ndiyo riwaya kila mtu atakuambia uanze nayo, na mimi nimeiweka mwisho makusudi. Kiingereza chake ni Snow. Ukianza nayo utadhani Uturuki ni vita vya wenye hijabu na wasio na dini, basi. Ilitoka Januari 2002, miezi kama kumi kabla chama cha Erdoğan hakijashinda uchaguzi wa tarehe 3 Novemba mwaka huo, na hadithi yake ni ya miaka ya 1990. Mshairi Ka anakuja kutoka Frankfurt hadi mji wa Kars mpakani, ambako wasichana wanajiua. Theluji inafunga barabara, na mwigizaji wa jukwaani anafanya mapinduzi ya siku chache akisaidiwa na rafiki yake kanali.

Mambo matatu ya kuyashika humo. La kwanza ni usiku wa ukumbi wa michezo: wanajeshi wanafyatua risasi kutoka jukwaani, watazamaji wanadhani ni sehemu ya igizo, na igizo lenyewe ni la zamani, la mwanamke anayevua na kuchoma vazi lake la kujistiri. Pamuk ameligeuza jeshi la Jamhuri kuwa kikundi cha maigizo chenye risasi za kweli. Kumbuka Tanpınar hapo. La pili ni mkutano wa siri hotelini, ambako Mwislamu wa siasa kali, mjamaa na Mkurdi wanajaribu kuandika tamko moja kwa gazeti la Ujerumani, na wanavutana kwa sababu kila mmoja anawaza Wajerumani watamwonaje. Cheka, lakini hakuna ukurasa unaoeleza vizuri zaidi uhusiano wa Uturuki na Ulaya. La tatu ni hesabu: chukua penseli, weka alama kila mwanamume anapozungumzia hijabu ya wasichana, na alama nyingine kila msichana mwenyewe anapoizungumzia. Utaona safu mbili zisizolingana hata kidogo.

Hapa neno laiklik litakusumbua. Hutafsiriwa usekula, na msomaji hudhani dini na serikali vimetengana. Havijatengana. Tarehe 3 Machi 1924, siku ile ile ukhalifa ulipofutwa, serikali iliunda idara ya mambo ya dini, Diyanet. Mpaka leo imamu ni mwajiriwa wa serikali na hotuba ya Ijumaa hutayarishwa na idara. Ugomvi wote ni nani ashike usukani wa dini iliyo ndani ya serikali. Mkuu wa chuo anayezuia wasichana katika Kar anajitetea kwamba anatekeleza amri ya Ankara. Anasema kweli, na ndiyo balaa yake. Zuio hilo lililegezwa vyuoni kuanzia 2010 na katika ofisi za umma 2013.

Orodha hii ina matundu. Kubwa zaidi ni riwaya wanazosoma wacha Mungu wenyewe. Waturuki huziita hidayet romanları, riwaya za uongofu, na hazitajwi kwenye orodha za Ulaya. Huzur Sokağı, Mtaa wa Utulivu, ya Şule Yüksel Şenler, kuhusu binti wa kitajiri na kijana wa dini, ilisomwa na maelfu ya wasichana waliovaa hijabu baadaye. Iliigizwa filamu mwaka 1970 na tamthilia ya televisheni kuanzia 2012, na kwa kuwa tamthilia unazijua, itafute hiyo. Kama kazi ya sanaa si ya kiwango cha Tanpınar. Kama dirisha la kuwaona wapiga kura wa Erdoğan inamshinda Pamuk, ambaye alikulia Nişantaşı, mtaa wa matajiri.

Tundu la pili ni Wakurdi. Sheria namba 2932 ya mwaka 1983 ilizuia matumizi ya Kikurdi hadi ilipofutwa 1991, na Mehmed Uzun aliandika riwaya zake za Kikurdi akiwa uhamishoni Sweden. La tatu ni Waarmenia. Zaven Biberyan aliandika kwa Kiarmenia akiwa Istanbul kuhusu familia zilizofilisiwa na kodi ya mali ya Novemba 1942, ambayo iliwaelemea wasio Waislamu, na walioshindwa kuilipa walipelekwa kambi ya kazi Aşkale. Elif Shafak yeye aligusa mauaji ya Waarmenia ya 1915 katika riwaya aliyoiandika kwa Kiingereza, The Bastard of Istanbul, akashtakiwa 2006 kwa kifungu cha 301 cha kuutusi Uturuki kwa maneno ya wahusika wake. Akaachiwa. Ukimsoma, kumbuka anamwandikia pia msomaji wa nje, na hueleza mambo ambayo Mturuki asingehitaji kuelezwa.

Mambo ya vitendo. Usiuchukue mwaka wa tafsiri kuwa mwaka wa kitabu: Madonna ya 1943 ilitoka kwa Kiingereza 2016, Nyumba ya Kimya ya 1983 ilisubiri hadi 2012, na wahakiki wengi huzizungumzia kama vitabu vipya. Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji. Matamshi nayo: c ni j, ç ni ch, ş ni sh, na ğ haisikiki, inarefusha tu irabu iliyotangulia, kwa hiyo Erdoğan ni "Erdoan". Hoca, mwalimu, hutamkwa "hoja". Usiitafute hoja yenyewe.

Ratiba: Memed mwezi wa kwanza, Tanpınar wa pili na wa tatu, Soysal na Tekin wa nne, Nyumba ya Kimya wa tano, Theluji wa sita. Tanpınar akikushinda kabisa, mweke kando uchukue Kafamda Bir Tuhaflık ya Pamuk, 2014, kwa Kiingereza A Strangeness in My Mind. Mevlut, mtoto wa mabanda, anatembeza boza mitaani Istanbul usiku kuanzia 1969 hadi 2012. Kitabu kina mti wa ukoo na orodha ya miaka ya matukio, hutapotea. Boza ni kinywaji cha nafaka iliyochachushwa, jamaa wa karibu wa togwa, chenye kileo kidogo sana. Wakati wa Waosmani kilikubalika kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mtu angekunywa bila kujiita mlevi. Wateja wa Mevlut humuuliza kama kina pombe. Hujibu kwa kumtazama kwanza mteja ni nani.